Bibi Harusi, Chuo, Kazi na Paka Wake: Kipi Kiachwe?



Leo tuna neno juu ya jambo ambalo likitajwa mbele za watu, huanza kuchekwa. Msichana anasomea ualimu, ana kazi inayompa nauli na ada, na nyumbani ana paka mchezaji asiyetulia hata dakika. Posa ikija, maswali nayo huja: "Utayaweza yote hayo na nyumba ya mume?" Wa kwanza kuambiwa aondoke ni paka. Baada ya miezi michache huambiwa apumzike kazi. Baadaye chuo nacho "kinasubirishwa", na kusubirishwa huko mara nyingi hakuna mwisho.

Sisi tunaoshona nguo za harusi tunayasikia haya kila msimu. Shaaban hasa, watu wanapokimbizana kuoa kabla ya Ramadhani, na Mfungo Mosi baada ya Idi. Mama mtu anachagua lesi, wifi yuko kwenye simu, na msichana amesimama mikono juu anapimwa kifua na kiuno. Hapo ndipo anaposema kwa sauti ndogo: wamenambia nimalize mwaka huu basi. Au: wamenambia paka nisiende naye, nimpeleke sokoni. Anacheka anaposema habari ya paka. Habari ya chuo hacheki.

Msimamo wetu ni huu: bibi harusi asiambiwe achague kati ya chuo, kazi na paka. Asaidiwe kupanga saa, na walio karibu naye wagawane kazi. Paka tunamtaja kwa makusudi. Katika nyumba yenye shughuli nyingi, kinachotupwa mwanzo ni kile kisichoweza kulalamika. Nyumba iliyozoea kutatua msongamano kwa kutupa, leo itatupa paka, kesho itatupa vitabu vya mke.

KILA MWENYE HAKI APEWE HAKI YAKE

Wengi mnakijua kisa cha Salman Al-Farisy na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awe radhi nao, kilichopokewa na Bukhari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaunga undugu. Salman alipokwenda kumzuru nduguye alimkuta mkewe, Ummu Dardaa, hakujishughulisha na mavazi wala mapambo, kwa sababu mumewe alikuwa amejitupa kwenye ibada tu, mchana saumu na usiku swala. Salman alimfanya afungue saumu ale naye, akamlaza usiku, akamwamsha mwisho wa usiku wakaswali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe. Mtume alipoletewa habari hiyo alimsadikisha Salman.

Tazameni Salman alichokifanya. Hakumwambia Abu Dardaa aache ibada. Alimpangia usiku wake: hapa lala, hapa amka. Huo ndio mwendo tunaoutaka kwa bibi harusi. Ana haki ya Mola wake, ya mwili wake, ya mume, ya wazee, ya wanafunzi atakaowasomesha, na ya kiumbe alichokichukua kukilea. Swali si "uache kipi?" Swali ni "kipi saa ngapi, na nani atashika upande wa pili?"

Na elimu kwa mwanamke si pambo la kuvaliwa kabla ya harusi likavuliwa. Shifaa bint Abdillah alimfundisha Bibi Hafsa, mke wa Mtume, kuandika, na habari hiyo imo katika Sunan ya Abu Daud. Mwanafunzi alikuwa mke wa mtu, na mume wake ndiye mbora wa viumbe. Hapa kwetu, Sayyida Salme aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akiigiza herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mtoto wa kike alisomeshwa kusoma, si kuandika. Leo, si mbali na magofu hayo ya Mtoni, kuna Beit el Raas, ambako walimu wengi wa visiwa hivi wamefunzwa, wake kwa waume, mchana kweupe. Njia hiyo imefunguka kwa taabu ya watu. Si ya kuifunga kwa sababu ya sahani na paka.

PAKA NAYE NI WA NDANI

Wapo watakaosema tunampandisha paka cheo. Hatukumpandisha sisi. Kabsha bint Kaab alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada. Siku moja alimmiminia mkwewe maji ya kutawadha, akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo ili anywe vizuri. Kabsha akamtazama kwa mshangao. Mkwewe akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii imo katika Muwatta na katika Sunan. Mabibi harusi, iangalieni vizuri: baba mkwe anamwinamishia paka chombo mbele ya mke wa mwanawe. Hiyo ni adabu ya ukweni ambayo hatuisikii sana kwenye mawaidha ya harusi.

Upande wa pili kuna yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwachia akajitafutia. Kosa si kukosa kufuga. Kosa ni kukichukua kiumbe kikutegemee kisha ukakisahau. Ndiyo maana hatumshauri mtu mwenye shughuli nyingi akimbilie kuchukua kipaka kwa kuwa kina macho mazuri. Lakini ukishamchukua, amana imeshakuingia. Paka aliyelelewa ndani, ukimtia kwenye mfuko na kumwacha sokoni, hukutana na madume yenye mitaa yao, magari na njaa. Huko si kumwachia ajitafutie. Huko ni kumtupa.

Kuhusu twahara, maneno ni mepesi. Mate yake si najisi. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, basi kisanduku chake cha mchanga kiwe mbali na pahala pa kuswalia. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu visiwani, nywele chache zilizonata kwenye nguo husamehewa. Kunja mswala ukimaliza, tundika buibui juu, na utaishi kwa amani.

SAA ZA PAKA NI SAA ZA SWALA

Sasa tuje kwenye mpango. Mwenyezi Mungu kamuumba paka awe mchangamfu zaidi alfajiri na jioni jua linapozama, kwa sababu hizo ndizo saa za mawindo. Mchana hulala. Paka mkubwa hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na kipaka hulala zaidi. Kwa hiyo paka anayekurukia miguu baada ya alfajiri hana wazimu, anatimiza umbile lake.

Hapo mwanafunzi wa ualimu anaweza kushukuru, maana saa hizo naye yuko macho. Ukishaswali alfajiri, mpe dakika kumi za kucheza kwa nguvu: unyoya uliofungwa kwenye kijiti, kijipira cha karatasi, boksi tupu. Mwache akimbize na akamate. Akishakamata, mpe chakula. Kwa paka, kuwinda, kula, kujilamba na kulala ni mnyororo mmoja. Ukimfuatishia hivyo, utamwacha amelala unapokwenda kugombania gari. Jioni fanya hivyo hivyo baada ya Magharibi, ndipo ufungue daftari zako.

Wengi humlisha kwanza, kisha wakataka atulie wakati wao wanaandika andalio la somo. Hatotulia. Nguvu hajazimaliza, na wewe umekaa chini, umewasha taa, unachezesha kalamu mbele ya macho yake. Kwake huo ni mwaliko. Atalala juu ya madaftari ya wanafunzi kwa kuwa ndipo macho yako yalipo. Muwekee boksi lenye kanga kuukuu pembeni ya meza, karibu nawe. Mara nyingi ataridhika kukaa ubavuni bila kukaa juu ya hesabu za darasa la tatu.

Na kumcheza paka si saa iliyopotea kwa mtu anayesomea ualimu. Ukikaa naye utajua kwamba kiumbe kidogo hakifundishiki kwa kelele, kwamba mchezo mfupi unaorudiwa hushinda mchezo mrefu, na kwamba ukimzuia jambo bila kumpa jengine, atalirudia ukigeuka. Mwalimu wa maandalizi na madarasa ya chini atayahitaji hayo kila siku.

MWEZI MGUMU NI WA MAZOEZI

Tuseme kweli: masomo ya kawaida huchukulika. Kinachombana mtu ni mazoezi ya kufundisha. Hapo unatakiwa uwe skuli mapema, usimame mchana kutwa, usahihishe madaftari, na usiku uandike andalio la somo la kesho ukilioanisha na azimio la kazi, ukate manila, uchore zana. Mkaguzi wa chuo anaweza kuingia siku yoyote. Ukiongeza kazi ya dukani na harusi inayokaribia, ndipo msichana analia kwenye chumba cha kupimia nguo.

Ushauri wetu kwa huyu ni wa kiduka duka. Kwanza, zungumza na unayemfanyia kazi kabla mazoezi hayajaanza, si siku ya mwanzo ya mazoezi. Sisi tunaye binti hapa kwenye vyerehani anayesomea ualimu. Skuli aliyopangiwa huingia mikondo miwili, asubuhi na mchana, naye alipewa asubuhi. Basi tukakubaliana aje baada ya Adhuhuri, ashone kwa vipande: mikono ya gauni, pindo, kutia shanga, kazi ambayo haihitaji mteja mbele yake. Malipo yakapungua kidogo, kazi haikupotea. Wafanyabiashara wenzetu, hili linawezekana. Binti anayejua kazi ukimwacha aende, hutompata mwengine Shaaban ikifika.

Pili, kata zana nyingi siku moja. Ijumaa jioni au siku ya mapumziko, kata manila za wiki nzima kwa pamoja, kama fundi anavyokata nguo sita kabla ya kukaa kwenye cherehani. Tatu, omba mtu wa kukushikia paka kwa jina lake: "Wewe Jumatatu na Jumatano, mpe maji na ubadilishe mchanga." Kusema "nisaidieni" hewani hakumfanyi mtu yeyote ainuke. Mdogo wako wa miaka tisa anaiweza kazi hiyo, na wifi yako anaiweza.

Na mume anaiweza. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Haya yako kwa Bukhari. Mume wa mwanafunzi wa ualimu akiosha bakuli la paka hajapungukiwa na kitu, amefuata sunna.

USALAMA KWENYE NYUMBA YA FUNDI

Hapa tunazungumza kwa jambo tunalolijua vizuri, uzi. Picha za paka na kibonge cha uzi zimewadanganya watu. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma. Uzi ukishaingia mdomoni ni taabu kuutema, humezwa tu, na pengine na sindano yake. Ncha moja ikinasa chini ya ulimi na nyengine ikateremka matumboni, utumbo hujikunja kama kitambaa kilichovutwa marinda, na unaweza kutoboka. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Nyumbani, kila jioni nyuzi, sindano, pini na shanga viingie kwenye kopo lenye kifuniko. Utepe wa mapambo ya harusi ni uzi vilevile.

Mengine kwa ufupi. Panadol humuua paka, usimpe hata kipande. Vitunguu na thomu ni sumu kwake, basi usimpe mabaki ya mchuzi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, maji safi yanatosha. Samaki mbichi kila siku humpunguzia vitamini B1, mchemshie bila chumvi na umtoe miba. Mpe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na kukiambukiza. Na paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, akazaa baada ya siku 65 hivi. Ukichelewa kumwona daktari juu ya uzazi wake, utakuwa na paka watano wiki ya mtihani. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kumfunga kizazi mnyama, basi muulize sheikh unayemwamini, kisha daktari, ukate shauri mapema.

NA MIMBA JE?

Hili ndilo hutumika zaidi kumtisha bibi harusi. "Nywele za paka zinaziba kizazi." Si kweli. Nywele za paka hazizuii mimba.

Kitu cha kweli kipo, nacho ni kijidudu kinachoitwa toksoplasma. Hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, na pia hupatikana kwenye nyama isiyoiva vizuri, udongo na mboga zisizooshwa. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto tumboni anaweza kudhurika. Lakini kijidudu hicho hakiambukizi papo hapo kinapotoka, huhitaji siku moja au zaidi kukomaa. Ndiyo maana mchanga wa paka ubadilishwe kila siku. Ukishika mimba, kazi hiyo ichukuliwe na mwengine, mume akiwa wa mwanzo. Ikiwa hapana mtu, vaa glavu na uoshe mikono kwa sabuni. Pika nyama iive, osha mboga, mpe paka chakula kilichopikwa, na umweleze mkunga kliniki kwamba nyumbani kuna paka. Hakuna lazima ya kumtupa.

YASEMWE KABLA YA AKIDI

Wapo wenye sababu za haki. Mtu mwenye pumu inayochochewa na paka, hatumwambii avumilie akiziba pumzi. Mtafutie paka nyumba nyengine ya watu unaowajua, umpeleke na bakuli lake, uulizie hali yake. Na yuko msichana ambaye kweli ameelemewa, afya inashuka. Huyo apumzike muhula mmoja kwa kuandikiana na chuo rasmi, awe na tarehe ya kurudi. Kupumzika kwenye tarehe ya kurudi ni mpango. Kupumzika kusiko na tarehe ndiko tunakokukataa.

Lakini mengine yote ni ya kuzungumzwa wakati wa posa, si usiku wa kwanza wa mgeni. Sheria yetu imempa mwanamke nafasi ya kuweka masharti katika ndoa, na Mtume ametufunza kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale yanayohalalisha ndoa. Basi, dada, mwambie walii wako aseme mbele ya watu: binti yetu amebakisha mwaka na nusu wa ualimu na ataumaliza. Anafanya kazi na ataendelea. Na anakuja na paka. Wakicheka kwenye la tatu, wacheke, ila limesikika. Mchumba atakavyojibu habari ya paka itakuonesha mengi. Anayesema "mlete, tutamtafutia pahala" amekwambia namna atakavyokuchukua wewe siku utakayorudi skuli umechoka na madaftari arubaini mkononi.

Na nyinyi mama zetu na wakwe zetu, tunawaomba kwa heshima. Msichana huyu mnayemtaka awe mpole, mvumilivu, mlezi wa wajukuu, mazoezi ya hayo anayafanya sasa: darasani mbele ya watoto wa watu, dukani mbele ya wateja, na jikoni saa kumi na moja alfajiri, kiumbe kidogo kikimng'ang'ania pindo la dera kwa njaa. Msaidieni sahani mbili, mpeni saa moja ya kuandika somo lake. Visiwa vyetu vinamhitaji mwalimu huyo.

Mwenyezi Mungu awatilie baraka ndoa zenu, elimu zenu na riziki zenu, na atujaalie tuwe wenye kuwahurumia walio chini ya mikono yetu, wenye ulimi wa kusema na wasio nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.